Kiwiko cha Shangazi Gesche

Shangazi yangu, Gesche Lorenzen, hakuwahi kusafiri baharini. Alizaliwa Gaarden, mtaa wa mafundi wa meli ng'ambo ya mashariki ya bandari ya Kijerumani ya Kiel, na hata kivuko cha dakika kumi cha kwenda mjini kilimchafua tumbo. Lakini kuna nyambizi moja ambayo mabaharia wake wote, kuanzia nahodha hadi mpishi, walimvulia kofia mpaka walipozeeka, na kila mwaka walimletea kisanduku cha dagaa waliokaushwa kwa moshi, kana kwamba Kiel kuna njaa ya dagaa. Naandika habari zake kwa sababu nimechoka. Nimechoka na vitabu vya vita vile vinavyohesabu manahodha na medali zao, na kusahau kwamba chombo kile kabla ya kuwa chuma kilikuwa wino, na wino ule uliwekwa na mkono wa mwanamke.

Kazi yake ilikuwa kunakili michoro katika kiwanda cha meli. Wahandisi walichora kwa penseli. Yeye na wenzake kumi na wawili, wote wanawake, waliinamia meza ndefu kutwa nzima wakipita juu ya kila mstari kwa wino mweusi, juu ya kitambaa chembamba kilichopigwa nta, na kutoka kwenye kitambaa hicho ndiko zilikotolewa nakala za mafundi. Nyambizi moja ya aina ile, mita sitini na saba toka pua hadi mkia, ilikula michoro maelfu. Kona ya chini ya kila mchoro ilikuwa na visanduku vya sahihi: aliyebuni, aliyepiga hesabu, aliyekagua, aliyemkagua mkaguzi, na kuendelea hadi saba. Chini yao wote palikuwa na kisanduku cha aliyenakili. Humo shangazi aliandika "Lo." kwa miaka kumi na mmoja. Mchoro ukishapata sahihi ya saba uligeuka msahafu, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Jambo ambalo wahandisi hawakulijua ni kwamba Gesche alikulia chini ya masinki. Baba yake, babu yangu Klaas, alikuwa fundi bomba wa kiwanda hicho hicho, na Jumapili aliwatengenezea majirani mabomba yao. Mikono yake ilikuwa minene. Basi tangu binti yake ana miaka sita alikuwa akimsukuma chini ya sinki, yeye akiwa nje na kelele zake: "Ingiza mkono! Sasa kunja kiwiko! Hakikunjiki? Basi aliyelifunga bomba hilo ni mpumbavu." Shangazi akajifunza mapema kwamba kufika kwa mkono ni jambo moja, na kugeuka kwa mkono ni jambo lingine.

Siku moja ya mwaka 1942 ililetwa mezani kwake michoro ya chumba cha injini cha nyambizi mpya. Sehemu yake ilikuwa bomba kubwa la hewa, lile linaloshuka kutoka juu mnarani na kuzipa pumzi injini za dizeli chombo kikiwa juu ya maji. Kabla ya kuzama, bomba hilo lazima lifungwe, la sivyo bahari inashuka nalo. Lilifungwa kwa wenzo mmoja. Wenzo ukikwama, kulikuwa na gurudumu la mkono la akiba, mizunguko tisa. Shangazi alikuwa katikati ya kulinakili gurudumu hilo aliposhtuka kwamba mkono wake wa kushoto umeacha kushika rula, uko hewani, unazungusha kitu kisichokuwepo, na kiwiko kinagonga kitu kisichokuwepo vilevile. Akaangalia mchoro. Kile kitu kilikuwepo. Lilikuwa tangi la mafuta ya kulainishia.

Aliinuka akaenda kwa mkubwa wake, Daktari Mhandisi Niebuhr, mtu mrefu mwenye kola safi hata siku za mabomu.

"Mheshimiwa Daktari, gurudumu hili halizunguki."

"Linazunguka, Bi Lorenzen. Kanuni inataka sentimita saba za nafasi ya kiganja. Mimi nimeacha nane."

"Kiganja kinaingia, Daktari. Kiwiko ndicho hakipiti. Mtu atazungusha robo, atoe mkono, aurudishe, azungushe robo tena."

"Kanuni ya viwiko iko wapi?"

"Hakuna kanuni ya viwiko."

"Basi na tatizo hakuna. Bi Lorenzen, wewe unanakili vizuri kuliko wote hapa. Endelea hivyo hivyo."

Alirudi kwenye kiti, akanakili, akaandika "Lo." Usinilaumie shangazi yangu. Palikuwa na vita, palikuwa na watu waliopotea mitaani kwa maneno madogo kuliko hayo, na yeye alikuwa mwanamke mwenye kisanduku cha mwisho. Angelisahau, nadhani. Ila majira ya baridi yale mdogo wake akaja likizo.

Mdogo wake ni Tede, baba yangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, masikio makubwa, mdomo usiofunga. Waliketi jikoni, viazi vya kuchemsha na samaki wa chumvi mezani, naye akatangaza kwamba amepangiwa nyambizi inayomalizwa papo hapo Kiel. Akaitaja namba. Shangazi aliijua namba hiyo kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake.

"Wameshanipa na kituo," akasema Tede, mdomo umejaa. "Chumba cha injini, kushoto. Mlinzi wa bomba la hewa. Cheo kikubwa hicho, dada! Kengele ya hatari ikilia, mimi navuta wenzo. Usipovutwa wote tunakunywa chai ya chumvi."

"Na wenzo ukikwama?"

"Kuna gurudumu."

Shangazi aliweka uma chini. Babu Klaas alimtazama, akaelewa kwamba kuna neno. Akamwambia Tede avae koti lake la kazi la baharini, lile la ngozi, asimame kati ya kabati na ukuta. Shangazi akapima kwa rula ya shule, akasogeza kabati, akashikilia kifuniko cha sufuria mahali pa gurudumu. "Zungusha." Tede alizungusha robo, kiwiko kikagonga kabati, vikombe vikalia. Alicheka. Akajaribu tena, vikombe vikalia tena. Mara ya nne alikuwa hacheki.

"Nyambizi inachukua muda gani kuzama?" babu akauliza, ingawa alijua.

"Sekunde thelathini," Tede akajibu polepole.

Toka siku hiyo shangazi hakuwa na kazi nyingine duniani. Alijaza fomu ya mapendekezo ya mfanyakazi. Ilirudi: umetumia wino wa buluu, unatakiwa mweusi. Akaijaza upya. Ilirudi: haina muhuri wa mkuu wa idara, na mkuu wa idara alikuwa Niebuhr. Akampelekea Niebuhr, naye akasema hawezi kupiga muhuri pendekezo linalosema mchoro wake una kosa wakati mchoro hauna kosa. Nimesikia watu wakitusifu kwamba sisi watu wa huku tuna utaratibu. Kweli tunao. Tungeweza kuzama kwa utaratibu mzuri kabisa, kila karatasi mahali pake.

Ila katika utaratibu huo huo kulikuwa na desturi moja nzuri. Kabla nyambizi haijaondoka kiwandani, mabaharia wake walikuja kuishi kando yake kwa wiki kadhaa, wakishika kila bomba na kulijua jina lake, mpaka waweze kutembea ndani wamefumba macho. Kiongozi wa wale wa injini alikuwa Fundi Mkuu Harm Boysen, mtu wa kisiwa cha Föhr, mpana kama mlango wa ghala. Wao ndio walioibatiza nyambizi jina la Sprotte, yaani yule dagaa wa Kiel, wakachora mnarani dagaa aliyevaa kofia. Humo ndani mlikuwa na vyoo viwili kwa watu arobaini na wanne, na kimoja kilijazwa viazi na soseji mpaka viliwe. Boysen alisema hajawahi kuona chombo kilichobuniwa na watu wenye akili nyingi namna ile na matumbo machache namna ile.

Shangazi alimsubiri siku ya ukaguzi wa mwisho. Wanawake wa kunakili mara nyingine walitumwa kupeleka michoro gatini, naye akajituma. Alifika amebana kwapani bomba la karatasi la kubebea michoro, akamkuta Boysen juu ya sitaha.

"Fundi Mkuu, mimi ni dada yake Tede Lorenzen."

"Pole sana, dada. Ule mdomo hata kwenu nyumbani haufungi?"

"Naomba kushuka ndani."

Mabaharia wawili waliguna. Mwanamke nyambizini ni mkosi, kila mtu anajua. Boysen akamwangalia, akaangalia bomba la karatasi.

"Mkosi tumeshaupata," akawaambia. "Tuna Tede. Shuka, dada, angalia kichwa."

Chini, katika chumba cha injini, walikuwa Daktari Niebuhr na mkaguzi wa jeshi la majini, mzee mwenye miwani na orodha ndefu. Mkaguzi alikuwa amefika kwenye gurudumu la akiba. Kwenye orodha yake iliandikwa: linafunga? Fundi mmoja wa kiwanda, amevaa shati tu, akalifunga kidogo kidogo, mkaguzi akatia alama. Linafunga.

"Samahani," akasema shangazi. "Orodha inauliza kama linafunga. Haiulizi linafunga kwa muda gani."

"Bi Lorenzen!" Niebuhr akafoka. "Nani amekuruhusu kuingia humu?"

"Mimi," akasema Boysen. "Mwache aseme. Huyu tukifa atakuwa amefiwa. Wewe utakuwa umefiwa na mchoro tu."

Shangazi akaomba jambo moja: alifunge mtu atakayelifunga baharini, akiwa na koti la baharini, na saa ihesabu. Tede akaitwa, koti la ngozi likaletwa. Mkaguzi akatoa saa yake mfukoni, kwa shingo upande. Robo, kiwiko tangini. Toa mkono, rudisha. Robo. Ikasikika sauti ya kiwiko tu, ngo, ngo, ngo. Sekunde thelathini zikapita. Arobaini. Sitini. Lilipofunga, mkaguzi alisema kwa sauti ndogo: "Sabini na moja."

Boysen akavua kofia. "Basi, jamani, tumeshakufa. Nani anajua sala?"

"Ni la akiba tu," akasema Niebuhr, uso umemwiva. "Na mchoro uko sahihi. Pimeni. Kila kipimo kiko sahihi."

"Uko sahihi, Daktari," shangazi akamjibu. "Lakini mchoro hauna kiwiko. Mdogo wangu anacho."

Hapo ndipo ninapompa Niebuhr haki yake, ingawa simpendi. Hakubisha tena. Alivua koti lake zuri, akavaa lile la ngozi la Tede lililonuka mafuta, akajibana kati ya injini na tangi, akajaribu mwenyewe. Alizungusha robo tatu. Akatoka, kiwiko kinamwuma, akasimama anajisugua bila kumtazama mtu.

"Kubadilisha mchoro ni sahihi saba," akasema mwishowe. "Wiki mbili. Nyambizi inaondoka baada ya siku tano."

Shangazi akafungua lile bomba la karatasi. Ndani mlikuwa na mchoro mpya, ameshauchora wote kwa wino mweusi, mapumziko kwa mapumziko, akila mkate wake kwa mkono mmoja. Gurudumu limegeuzwa kuelekea njiani, mhimili wake umeongezwa urefu na kiungo cha kupinda. Kona ya chini, visanduku saba, vyote vitupu, vinasubiri. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye ufa ule alikuwa ameuziba wiki tatu kabla ya kuruhusiwa.

Niebuhr alitia sahihi ya kwanza palepale, juu ya kifuniko cha injini. Kisha akatembea naye ofisi baada ya ofisi, na kila aliyeanza kusema "lakini kanuni" alionyeshwa kiwiko chenye alama ya damu ya kuvilia. Sahihi za wakubwa zilipatikana kwa saa nne. Wazee wa kiwanda walidai hiyo haikuwahi kutokea toka enzi za Kaisari. Mchoro uliporudi mezani kwa shangazi aweke "Lo." yake, aliona kwamba Niebuhr hakutia sahihi kwenye kisanduku cha aliyebuni. Alikuwa ametia cha pili, cha hesabu. Cha kwanza kilikuwa wazi, na pembeni alama ndogo ya penseli: hapa. Shangazi aliandika jina lake hapo, lote, Gesche Lorenzen, kisha akaenda chooni akalia kwa furaha mpaka mwenzake akabisha hodi.

Kazi ya chuma aliisimamia babu Klaas. Aliyechomelea ni Zenon, Mpolandi aliyeletwa kwa nguvu, mwenye alama ya P ya Wapolandi kifuani na kikohozi kisichokwisha. Shangazi alimpa nusu ya mkate wake wenye mafuta ya nguruwe, jambo lililoweza kumpeleka gerezani. Zenon akaula, akapangusa midomo.

"Ningekuwa na hiari yangu," akasema kwa Kijerumani chake kibovu, "ningelichomelea lisizunguke milele."

"Najua," akasema shangazi.

Alilichomelea vizuri. Hakuna kisanduku kilichobeba jina lake, ndiyo maana naliandika hapa.

Sprotte ikafanya mazoezi Baltiki, ikapelekwa Norwe, ikazunguka bahari za barafu kwa miaka miwili. Ilizamisha meli moja ya mizigo. Sitaipamba. Siku habari ilipofika Gaarden majirani walileta keki ya viazi, na shangazi hakuigusa. "Wa mle nao walikuwa na dada zao," alisema, na hakurudia tena maishani. Wala sisahau kwamba katika kila mabaharia wanne wa nyambizi zetu, watatu hawakurudi. Chombo kile kilibuniwa kuua, na kiliua pande zote mbili.

Siku yenyewe ilikuwa Aprili 1944. Sprotte ilikuwa juu ya maji, dizeli zinanguruma, ndege ikatokea mawinguni. Kengele. Waliokuwa mnarani wakajitosa ndani, pua ikainama, na baba yangu akavuta wenzo. Haukusogea. Barafu ilikuwa imeingia kwenye mnyororo wake. Akavuta tena, Boysen akaja akauning'inia na uzito wake wote wa kisiwa cha Föhr, wenzo ukapinda, bomba likabaki wazi.

"Gurudumu!" akanguruma Boysen. "Gurudumu la dada yako!"

Baba alikuwa ameshalishika. Moja, mbili, tatu, mkono unazunguka mzima, hakuna linalogonga. Boysen alikuwa anahesabu kwa sauti na wenzake wakampokea, chumba kizima kikihesabu. Kwenye sita maji yakaanza kuanguka toka bombani, baridi ya kukata pumzi, yakamfika magotini. Saba. Nane. Kwenye tisa yakakatika. Sekunde kumi na moja! Mabomu ya ndege yalilipuka juu yao, taa zikazimika, taa zikawaka, na watu arobaini na wanne wakatazamana wakiwa hai. Halafu, gizani mwa bahari, mita themanini chini, Fundi Mkuu Boysen alilibusu gurudumu lile mbele ya vijana wake wote, akawakataza kucheka, nao wakacheka.

Vita vikaisha wakiwa Norwe. Walirudi wote, mmoja mmoja, kupitia kambi za mateka, na Sprotte Waingereza wakaivuta bahari kuu wakaizamisha. Siililii. Ila kabla haijakabidhiwa, Boysen alikuwa ameshafungua skrubu, na mwaka 1946 alitokea Kiel na gunia la viazi. Nyumba ya Gaarden ilikuwa kifusi. Babu, shangazi na baba walikuwa wakiishi kwenye kibanda katika bustani za kukodi. Boysen akamwaga viazi mezani, na cha mwisho kuanguka kilikuwa gurudumu. Babu alilifunga siku hiyo hiyo kwenye bomba kuu la maji la bustani.

Bustani zetu zina sheria kuliko bunge. Maji hufungwa majira ya baridi, hufunguliwa siku moja ya Aprili, na uzio usizidi mita moja na robo. Kuanzia mwaka ule, siku ya kufungulia maji, watu wa Sprotte walikuja, na shangazi ndiye aliyezungusha. Mwaka 1982, alipotimiza sabini, walikuja na familia zao. Wazee kumi na tisa waliobaki, wajane, watoto, wajukuu, vichanga, wote wamesimama kati ya kabichi. Mwenyekiti wa bustani akaja mbio na kitabu chake cha kanuni.

"Bi Lorenzen! Kanuni ya kumi na nne! Wageni wasizidi kumi na wawili kwa kila bustani! Hawa ni wangapi?"

Boysen, ana miaka themanini na kidogo, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, akajibu kwa sauti ile ile ya chumba cha injini: "Mia moja thelathini na wanane, bwana mwenyekiti. Tumehesabu mara mbili."

"Haiwezekani! Kanuni—"

"Kanuni yako haina kiwiko, mwanangu," shangazi akamwambia kwa upole, na wazee kumi na tisa wakapiga kelele za kushangilia hata mbwa wa bustani tatu wakabweka.

Kisha akanigeukia. Mkono wake ulikuwa umeshakakamaa kwa baridi yabisi. "Antje," akasema, "mwaka huu zungusha wewe." Baba yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na masikio yake makubwa, analia waziwazi. Nikalishika gurudumu. Wote wakaanza kuhesabu, wazee kwa sauti nzito, watoto kwa kelele: moja, mbili, tatu. Kwenye tisa maji yakatoka, yakatulowesha miguu, mimi na mwenyekiti na kitabu chake.